Maswali ya Wasomaji: Sanduku la maoni limejaa malalamiko, mawazo ya biashara nitayapata wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya biashara ya kununua dagaa katika Soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kuwachambua, kuwafungasha na kuwauza Shinyanga, Tabora na Dodoma. Nina wafanyakazi 34, wengi wao akina mama wanaochambua kwa malipo ya kilo. Mwaka jana niliweka sanduku la maoni mlangoni nikitarajia mawazo ya bidhaa mpya, lakini nilichokuta humo ni malalamiko ya posho na nauli. Mpaka leo mawazo yote hutoka kwangu na kwa meneja wa mauzo. Nifanyeje ili wachambuaji, madereva na hata mlinzi washiriki? (Msomaji, Ilemela)

JIBU: Ndugu msomaji, anza na hayo malalamiko. Yajibu hadharani, moja baada ya jingine, hata pale ambapo jibu ni kwamba fedha haitoshi kwa sasa, kwa sababu mfanyakazi aliyeuliza habari ya nauli akanyamaziwa hana sababu ya kuamini kwamba wazo lake la biashara litasikilizwa. Kampuni ya Toyota ya Japani ilianzisha utaratibu wake wa mapendekezo ya wafanyakazi mwaka 1951 na inaendelea nao hadi leo, na kila ninapousoma naona kwamba nguvu yake imo katika mambo mawili: wazo hujibiwa, na mwenye wazo hutuzwa.

Pili, tazama malipo yako ya kilo. Mama anayelipwa kwa kilo, ukimwita kikaoni kwa saa nzima, umemkata ujira wa saa hiyo. Ataketi huku macho yakiwa kwenye meza yake, na atakubali lolote ili kikao kiishe. Hapa ndipo waajiri wengi wa kanda yetu wanapokosea, kisha wanasema watu wa chini hawana mawazo. Saa ya kikao ni saa ya kazi na ilipwe hivyo. Ilipwe kwa wastani wa kilo ambazo kila mmoja huchambua kwa saa.

Tatu, acha kuuliza, “Nani ana wazo?” Swali hilo ni pana mno, na mbele ya bosi humfunga mtu mdomo. Uliza kuhusu kile ambacho kila mmoja anakiona kuliko wewe. Mchambuaji umuulize ni nini kinachobaki chini ya meza jioni na nani huja kukiomba, maana chenga za dagaa zinafaa kwa chakula cha kuku, na huenda tayari kuna mfugaji anayezichukua kwako bure. Muulize pia akina mama wenzake wa mtaani hulalamikia nini katika dagaa wa dukani: mchanga, vichwa, au furu, wale samaki wengine wadogo wa ziwani, waliochanganyika humo. Dereva umuulize gari hurudi na nini kutoka Dodoma. Mlinzi umuulize ni wateja gani hugonga geti baada ya ofisi kufungwa, na wanataka kiasi gani. Kila jibu hapo linaweza kuzaa bidhaa au huduma ambayo huna.

Sisi wa Mwanza hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mapanki, yaani mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki kiwandani baada ya minofu kutolewa, yamekuwa biashara ya kukaanga na kuuza inayolisha familia nyingi, na mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki huyohuyo, husafirishwa hadi Asia kwa bei kubwa.

Wafanyakazi wakae katika makundi madogo ya meza moja, bila msimamizi wao, na karani aandike wazo pamoja na jina la aliyelitoa. Nasisitiza jina, kwa sababu msimamizi anayeogopa kuonekana hajui kazi yake anaweza kulizima wazo la mtu wa chini au kulifanya lake. Kabla ya kuuliza lolote, bandika ukutani kiwango cha tuzo kwa wazo litakalojaribiwa na kwa litakaloleta faida. Kisha jaribu kwa kiasi kidogo, tuseme gunia moja la dagaa waliooshwa na kutolewa vichwa, katika pakiti za robo kilo, kwenye maduka mawili kwa mwezi mmoja, na aliyetoa wazo aende mwenyewe kusikia wanunuzi wanasema nini. Likishindikana, aelezwe sababu mbele ya wenzake kwa heshima, na tuzo ya kujaribu alipwe vilevile.

Kikao cha kwanza kiweke wakati wa mbalamwezi, ambapo taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, mzigo unapungua Mwaloni na meza zako zina nafasi. Meneja wa mauzo awepo, lakini azungumze wa mwisho.