Njia Finyu Hushinda: Kusoma Jedwali la Ruta kwa Fundi Anayeanza

Mama anayesimamia nyumba ya wageni kule Shela, kisiwani Lamu, alinipigia simu saa nne asubuhi. "Fundi, huu mtandao wenu unabagua?" Akaeleza kwamba kompyuta yake inafungua intaneti vizuri, kamera za ofisi ya Langoni anaziona, lakini programu ya hesabu haifunguki na printa ya huko huko Langoni haipokei kitu. Nilicheka. Baadaye, nimekaa juu ya paa lake jasho linanichuruzika, ndipo nilipogundua kwamba alikuwa amenipa jibu bure. Mtandao ulikuwa unabagua kweli.

Nakuandikia wewe uliyetoka chuo juzi na sasa unavushwa kwa mashua, ngazi begani, kwenda kutengeneza mitandao ya watu. Chuoni ulilisoma jedwali la njia, ile orodha ya ruta inayosema mzigo wa kila anwani upite wapi, kwa ajili ya mtihani. Kazini utalisoma mteja amekusimamia, na utafanya kosa nililofanya mimi siku ile: utasoma mpaka uone ulichokuwa unakitafuta, kisha uache kusoma.

Niseme kwanza kilichonipandisha paani. Huku kwetu mshtakiwa wa kwanza ni chumvi. Upepo wa bahari unakula viunganishi vya kebo, unakula skrubu, unakula hata vyuma ulivyoapiwa dukani kwamba haviozi. Kwa hiyo fundi wa Lamu akisikia "haifanyi kazi", mkono unashika ngazi kabla akili haijashika kitu. Lakini redio ya paani, inayounganisha Shela na Langoni bila waya, ikiharibika haichagui. Ikidondosha pakiti, yaani vifungu vya data, inadondosha za kamera na za seva ya hesabu sawasawa. Kamera zikionekana bila kukatika na seva haionekani kabisa, na vyote viko ofisi moja kwenye swichi moja, shuka. Mimi nilishuka adhana ya adhuhuri inaadhiniwa.

Mpangilio wenyewe ni mdogo. Shela wana 192.168.20.0/24, Langoni wana 192.168.10.0/24, na katikati kuna redio mbili zinazotazamana kwa mtandao wa 10.10.10.0/30. Intaneti ya Shela inatoka kwenye dishi la setilaiti. Nilipofungua ruta ya Shela niliona hivi (handaki ni njia ya kubuni inayopita juu ya intaneti kama waya wa moja kwa moja; umbali nitaueleza mbele):

0.0.0.0/0 kupitia 100.64.0.1, umbali 1
10.10.10.0/30 imeunganishwa, redio, umbali 0
10.20.20.0/30 imeunganishwa, handaki, umbali 0
192.168.10.0/24 kupitia 10.10.10.1, umbali 1
192.168.10.16/28 kupitia 10.20.20.1, umbali 1
192.168.20.0/24 imeunganishwa, swichi ya ndani, umbali 0

Jicho langu likaenda moja kwa moja kwenye 192.168.10.0/24. Inapita 10.10.10.1, yaani redio ya Langoni. Sawasawa kabisa. Nikafunga skrini, nikampigia kijana wa Langoni azime seva na kuiwasha. Akafanya. Nikamwomba arudie. Mara ya pili aliniuliza, kwa adabu zote, kama nina hakika.

Mstari wenye kosa ulikuwa chini yake tu, nimeupita kama mtu anavyopita mlango wa jirani.

Basi usilisome jedwali kutoka juu kama gazeti. Shika kwanza anwani unayotaka kufika, ile moja, iandike hata kwenye kiganja: 192.168.10.25, seva ya hesabu. Kisha kila mstari uulize swali moja tu: wewe unaihusu anwani hii? 0.0.0.0/0 inaihusu, kwa sababu inahusu kila kitu duniani. 192.168.10.0/24 inaihusu, kwa sababu inabeba kuanzia 0 hadi 255. Na 192.168.10.16/28? Hapa wengi huruka, kwa sababu hesabu inachosha. /28 ni fungu la anwani 16. Mafungu yake yanaanzia 0, 16, 32, 48, na kuendelea hivyo. Linaloanzia 16 linaishia 31. Ishirini na tano imo ndani. Printa ilikuwa kwenye 20, nayo imo. Kamera zilianzia 40 kwenda juu, hazimo. Ndio huo ubaguzi alioniambia mama.

Mistari mitatu inaihusu anwani moja, na ruta inafuata mmoja. Haifuati ulio juu, haifuati ulioandikwa kwanza, wala haifuati wenye waya wa kasi. Inafuata wenye maelezo finyu zaidi, yaani wenye namba kubwa baada ya mkwaju, ile alama ya /: 28 inaishinda 24, na 24 inaishinda 0. Hamali wa jetini anaijua kanuni hii bila kufundishwa. Ukimwambia mizigo yote ya Langoni aipeleke dukani, kisha ukamwambia magunia haya mawili yapeleke nyumba ile iliyo nyuma ya msikiti, magunia mawili hayaendi dukani. Na ikiwa nyumba ile imefungwa, mwenyewe kasafiri, punda atasimama hapo mlangoni na magunia yake.

Nyumba ilikuwa imefungwa. Fundi aliyenitangulia aliwahi kutengeneza handaki kupitia dishi la setilaiti, akaijaribu kwa seva na printa, halafu akaondoa ncha ya Langoni tu. Ncha ya Shela ikabaki. Handaki lile lilikuwa la aina iitwayo GRE, na GRE haliulizi upande wa pili kama bado yuko hai mpaka uliwekee kipimo cha kuuliza. Kwa hiyo ruta iliendelea kuliona liko wazi. Kwa nini tatizo lilijitokeza siku ile na si zamani? Ruta ya Shela ilikuwa imerudishiwa nakala ya mipangilio ya zamani baada ya umeme kuiunguza ya kwanza. Nakala ilikuja na handaki lake.

Nahodha anayetoka Lamu kwenda Faza huyatazama maji. Yakiwa yamejaa anakata Mkanda, kati ya Manda na bara. Yakiwa yamekupwa anasubiri, au anazunguka nje. Njia uliyoiandika kwa mkono kwenye ruta haitazami maji. Umeiambia "pita Mkanda", itapita Mkanda hata pakiwa tope na mikoko mitupu, na wala haitarudi kukuambia imekwama.

Sasa kosa langu la pili, na hili nimeliona kwa karibu kila kijana niliyefanya naye kazi. Nilipouona ule mstari wa /28 niliogopa kuufuta, maana sikujua nani anautegemea. Nikasema niudhoofishe tu. Nikapandisha umbali wake kutoka 1 hadi 200, nikijua umbali mdogo ndio unaopendelewa. Nikajaribu. Hakuna kilichobadilika. Nikadhani ruta imeganda, nikaizima na kuiwasha. Hakuna kitu.

Umbali haulinganishwi kati ya /28 na /24. Unalinganishwa pale tu ambapo njia mbili zinaelekea mahali pamoja hasa, namba ileile na mkwaju uleule. Ruta mbili zikikuambia zote zinaijua 192.168.10.0/24, hapo ndipo ruta inauliza ni nani wa kuaminiwa zaidi. Ule umbali, ujapokuwa na jina la kupotosha, si kilomita bali ni daraja la uaminifu. Kwenye vifaa vya Cisco na MikroTik kilichounganishwa ni 0, kilichoandikwa kwa mkono 1, cha OSPF 110, cha RIP 120 (hizi mbili ni itifaki, yaani lugha ambazo ruta huambizana njia). Juniper wana hesabu yao: cha mkono 5, cha OSPF ya ndani 10. Zikilingana hata kwa uaminifu, ndipo inatazamwa gharama ya njia ndani ya itifaki yenyewe. Ufinyu kwanza, uaminifu pili, gharama mwisho. Mimi nilikuwa ngazi ya pili nikihangaikia kesi iliyokwisha kuamuliwa ngazi ya kwanza.

Hizo namba usizibebe kichwani kutoka kifaa kimoja kwenda kingine. Njia ya kutokea intaneti inayoletwa na DHCP, yaani huduma inayogawa anwani yenyewe, Cisco wanaipa 254, yaani iko mwisho wa foleni. MikroTik wanaipa 1 usipoibadilisha, kwa hiyo inalingana na ile uliyoandika kwa mkono. Mpangilio uleule, tabia mbili.

Niliuzima ule mstari, sikuufuta. Dakika haikupita simu ikalia kutoka Langoni: "Fundi, printa imepagawa!" Mama alikuwa amebonyeza kuchapisha ankara asubuhi nzima, na zote sasa zinatoka, nakala juu ya nakala, mpaka karatasi zikaisha.

Tangu siku ile siiamini macho yangu kwenye jedwali lenye mistari zaidi ya kumi. Naiuliza ruta yenyewe. Kwenye Linux andika ip route get na anwani, itakujibu inapitia wapi. Kwenye Cisco ni show ip route na anwani nyuma yake. Windows ina Find-NetRoute. Jibu linakuja la anwani hiyo tu, na halina upendeleo wa mtu aliyekwisha kuamua kosa liko wapi.

Ukikosa nafasi ya kuingia kwenye ruta, fuatilia hatua za pakiti kwa tracert kuelekea anwani mbili, moja inayofanya kazi na moja isiyofanya, kisha ziweke ubavu kwa ubavu. Kuelekea kamera ningeona 192.168.20.1, kisha 10.10.10.1, kisha kamera. Kuelekea seva ningeona 192.168.20.1 na baada yake nyota tupu. Zinaachana hatua ya pili, basi wa kuhojiwa ni ruta ya hatua ya kwanza. Ila nyota peke yake isikutishe, ruta nyingine hunyamaza tu na kupitisha mzigo. Anwani mbili zikipokezana, hii, ile, hii, ile, mpaka hatua ya 30, ruta mbili zinarushiana pakiti kama watoto na mpira.

Jambo la kurudi nalo. Kazi moja Matondoni, tawi jipya lenye 192.168.30.0/24, nilisimama mbele ya ruta nikapiga ping (kuuliza upande wa pili kama upo) kuelekea seva ya Langoni, ikajibu. Nikafunga mkoba. Sijafika mbali nikaitwa: hakuna kompyuta inayofika. Ruta ilipopiga ping ilitumia anwani yake ya upande wa redio, ambayo Langoni wanaijua kwa kuwa wameshikana nayo. Kompyuta zilitumia 192.168.30, na Langoni hawakuwa na mstari wowote wa kuwarudishia jibu. Jibu likafuata 0.0.0.0/0, likatupwa intaneti, ambako anwani za ndani hazina mwenyewe. Pakiti zilifika, majibu ndiyo yaliyopotea. Siku hizi ping yangu naiambia ianzie anwani ya ndani, 192.168.30.1, ndipo nafunga mkoba.

Kompyuta nazo zina jedwali lao, na mara nyingi ndizo zenye kosa. Mtu ana wifi ya intaneti, anachomeka kebo ya kinasa kamera, na kwenye kebo anajaza lango, yaani anwani ya ruta ya kutokea, kwa sababu kisanduku kilikuwa wazi. Windows inajumlisha gharama ya kiolesura (kebo au wifi) na ya njia, kebo inashinda, intaneti inakatika. Futa lile lango la kebo, nenda zako.

Ule mstari wa /28 ulikuwa na maelezo kando, neno moja: "muda". Sikujua ni muda wa nani, tangu lini, mpaka lini. Kila njia ninayoandika kwa mkono sasa naiwekea sentensi nzima, hivi: "Kwenda seva ya hesabu kupitia handaki la setilaiti, redio ikitengenezwa, futa." Kisha tarehe, na herufi mbili za jina langu, ili atakayekuja ajue wa kumpigia simu.