Timu Ikifungwa Mfululizo, Anza kwa Kupunguza

Timu ikipoteza mechi tatu mfululizo, Mtwara mjini kote wanakuwa makocha. Ukipita Chikongola kununua vocha unaambiwa namba sita wako, kiungo mkabaji, hana pumzi. Ukifika Magomeni, kinyozi ana kikosi chake tayari. Na pale kwenye kahawa hakosekani mzee wa kukukumbusha kwamba huu ni mji wa Ndanda, timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2014 na kukaa huko hadi iliposhuka 2020. Halafu anakuongezea Namungo: watoto wa Ruangwa, mkoa jirani wa Lindi, wamecheza fainali ya Kombe la Azam na Simba kule Sumbawanga mwaka 2020, na msimu uliofuata wakafika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. "Sasa nyie mnashindwa nini, kocha?"

Huwa nacheka, nakunywa kahawa yangu, naondoka. Timu ninayofundisha ni ya mtaa, inacheza ligi ya mkoa. Wachezaji wangu ni bodaboda, vibarua wa maghalani na bandarini, wavuvi wawili watatu wa Shangani, na wanafunzi ambao ruhusa zao zinategemea mwalimu wa zamu kaamkaje. Msimu huu tumefungwa sana. Haya naandika kwa ajili ya kocha mwenzangu ambaye timu yake iko mkiani na Jumamosi ana mechi nyingine.

Ukifungwa, kila anayekupa ushauri anakuambia uongeze. Ongeza mazoezi, ongeza mshambuliaji, ongeza vikao, ongeza ukali, na wapo watakaokunong'oneza uongeze na mambo ya usiku, yaani uganga. Mimi nasema punguza. Wenye mikorosho hapa kwetu wanajua: mti uliofungamana matawi unapogolewa jua liingie, haumwagiwi mbolea.

Kabla hujapunguza chochote, chukua daftari. Kila goli mlilofungwa andika dakika, upande, mpira ulianzia wapi na nani alikuwa anatembea. Usiandike nani kakosea, maana hapo utaandika jina la kipa kila siku. Andika nani alikuwa anatembea. Na uandike jioni ile ile, kwa sababu kesho yake utakuwa umeshasikia maneno ya watu na utaandika ya kwao.

Daftari letu lilimsafisha kipa. Mtaa mzima ulikuwa unamtukana yeye, lakini ukisoma mistari unaona magoli karibu yote yameingia baada ya dakika ya 60, mengi yakipita upande wetu wa kushoto, na mengi yakianza na mpira ambao sisi wenyewe tulikuwa nao. Kipa ndiye aliyekuwa wa mwisho kuonekana, basi.

Sasa huyo wa kushoto. Ni kijana mwepesi, mpole, hajawahi kunijibu vibaya. Alhamisi moja, mwezi wa kumi na moja, akaja mazoezini amechelewa.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba. Umetokea wapi saa hizi?"

"Ghalani. Tunapakia tangu asubuhi, meli inasubiri mzigo."

Akavua fulana kubadilisha. Bega la kulia limechubuka, vumbi la magunia limemganda shingoni kwa jasho, na mikono haitaki kunyooka juu ya kichwa. Huyu ndiye tuliyekuwa tunamtaka apande na kushuka pembeni dakika 90 kesho kutwa, na baadhi ya wajumbe wa kamati walikuwa wanataka azungushwe uwanja ili apate stamina. Stamina anayo! Anaiacha kwenye gunia. Jumamosi dakika ya 65 atapanda na krosi, mpira utapotea, na kurudi ataona mbali. Mtazamaji aliye kivulini atasema kijana ana dharau.

Mkoa wetu una jambo hili ambalo vitabu vya ukocha havilijui: ligi ya mkoa na msimu wa korosho mara nyingi vinaangukia pamoja. Minada ikianza, pesa iko maghalani na bandarini, na kijana mwenye mama na wadogo zake hawezi kuiacha ipite kwa sababu ya timu isiyomlipa hata nauli. Usishindane na korosho. Hutashinda, na hustahili kushinda.

Kwa hiyo mazoezi nimeyakata. Jumanne tunakimbia na kucheza, kwa wale ambao siku hiyo hawakubeba mzigo. Aliyetoka kazini ananyoosha viungo, anapiga pasi kidogo, anakaa. Alhamisi hakuna kukimbia kwa mtu yeyote. Tunatembea: wapi tunasimama kona ikipigwa, nani anabaki nyuma beki wa kushoto akipanda, mpira wa kurusha unakwenda kwa nani. Chini ya saa moja tumemaliza. Kamati ililalamika kwamba kocha kawa mvivu. Niliwaonyesha daftari, wakanyamaza nusu. Mwezi wa Ramadhani naufanyia hesabu hiyo hiyo: nusu saa nyepesi kabla ya magharibi, kila mtu akawahi uji na tende nyumbani kwake. Miezi mingine, siku ya mechi wale mapema, wanywe maji tangu asubuhi. Hilo halina mengi.

Kitu cha pili cha kupunguza ni uwanja wenyewe. Vijana wanaangalia mpira wa Ulaya kwenye vibanda umiza, wanaona kipa anampasia beki ndani ya boksi, beki anampasia kiungo, raha tupu. Sheria iliruhusu hilo tangu 2019: mpira wa goli, ule kipa anaouanzisha kutoka golini, unaweza kupokelewa ndani ya eneo la penalti. Lakini sheria haikuja na nyasi. Sisi tunacheza kwenye mchanga. Pasi ya mita kumi na tano inafika ikiwa imechoka, inasimama kabla ya beki, na mshambuliaji wao anafika wa kwanza. Mvua ikinyesha mchanga unashika na mpira unakimbia vizuri. Siku hiyo nawaruhusu. Siku kavu kipa anapiga mrefu, upande wa kulia, pembezoni kabisa, na timu nzima inasogea huko. Tukiupoteza, tunaupotezea kwenye mstari wa kurusha, mbali na lango letu.

Halafu nikawasogeza. Tulikuwa na mabeki wanne karibu na boksi letu, washambuliaji watatu mstari wa kati wa uwanja wanasubiri, na katikati yao jangwa ambalo viungo watatu wanalikimbilia mpaka wanatapika. Sasa mshambuliaji mmoja tu anabaki mbele. Tunacheza mistari miwili, mabeki wanne na viungo watano, na kati ya mstari na mstari nataka mtu aweze kumsemesha mwenzake bila kupiga kelele. Hicho ndicho kipimo changu, kwa sababu mita hawazihesabu wakiwa wamechoka. Beki wa kushoto havuki katikati ya uwanja baada ya mapumziko, labda nimwite mwenyewe. Watazamaji wanachukia, wanasema tunapaki basi, yaani tunajaza watu nyuma. Wapige kelele tu, kiingilio hawajalipa.

Tatu, maneno. Mapumziko ni dakika kumi na tano. Toa dakika za kutoka uwanjani na kurudi, toa za maji, unabaki na chache sana, na katika hizo chache anataka kusema katibu, anataka kusema mfadhili aliyetoa jezi, anataka kusema mchezaji wa zamani aliyewahi kukipiga Dar. Kijana anarudi uwanjani na maagizo saba yanayopingana. Nimeweka utaratibu: dakika tatu za kwanza hakuna anayesema, wanakunywa maji na kupumua. Kisha nawauliza mabeki wao wanaona nini, maana wao ndio wanaouona uwanja wote mbele yao. Halafu nasema mambo mawili, hayazidi. Nikiwa na la tatu nalibakiza la Jumanne. Mfadhili tumemwomba azungumze baada ya mechi, na kusema kweli mzee wa watu alielewa haraka kuliko nilivyotegemea.

Mamluki siwataki. Najua wapo wanaokodiwa kwa mechi moja, anakuja na daluga zake zinang'aa, anafunga, anachukua chake, anapanda basi. Kwenye bonanza la kugombea mbuzi sawa. Kwenye ligi, ukiacha hatari ya kukatiwa rufaa kama usajili wake una walakini, unaua kitu kingine. Kijana aliyekuja mazoezini wiki zote anakaa benchi anamtazama mgeni aliyelipwa, wakati yeye nauli ya kutoka Naliendele kajilipia. Wiki ijayo haji. Na mwenzake haji. Ukikosa mfungaji, bora ukose pamoja na watu wako.

Niseme na lile la usiku, maana tukinyamaza tunadanganyana. Mpira wa Tanzania una kamati za ufundi mbili: moja ya karatasini, nyingine ya nazi na mayai. Hata Ligi Kuu klabu zimepigwa faini kwa kupita milango isiyo rasmi au kukataa vyumba vya kubadilishia nguo, na sababu kila mtu anaijua. Sibishani na wazee kuhusu imani zao. Nimeomba mawili tu. Pesa ya kazi hiyo isitoke kwenye mfuko wa mipira na maji. Na vijana wasirushwe ukuta wala kukalishwa kwenye gari nje wakisubiri saa nzuri, huku dakika za kupasha misuli zinakwisha. Timu inayoingia uwanjani haijapasha misuli itafungwa mapema au itaumia, na hapo mtamtafuta mchawi aliyekaa kwenye gari lenu.

Kuna kitu kimoja nimekiongeza, kwa sababu ni cha bure: kura ya mwamuzi, ile sarafu inayorushwa kabla ya mechi. Manahodha wengi wakishinda kura wanasema "tunaanza na mpira", kana kwamba kuna zawadi. Uwanja wetu umelala mashariki na magharibi. Mechi inaanza saa kumi jioni, upepo wa bahari bado una nguvu, na kadiri jua linavyoshuka nao unapungua. Kwa hiyo nahodha wangu akishinda anachagua lango. Kipindi cha kwanza tunalinda lango la mashariki, upande wa bahari, tunashambulia na upepo mgongoni wakati upo. Kipindi cha pili tunahamia lango la magharibi: upepo umelegea, na jua lililoshuka liko nyuma ya kipa wetu, linamchoma macho kipa wao. Nenda kwenye uwanja wako saa kumi na moja jioni siku isiyo na mechi, simama golini, utajua wako umelala vipi.

Nirudi kwa kipa. Baada ya goli moja lililompita miguuni aliacha kuja mazoezini, simu hapokei. Nilimfuata kwao Mikindani. Mama yake akanikaribisha ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, na chai, tukaongea habari za bei ya samaki muda mrefu, yeye kajificha ndani. Alipotoka sikumpa hotuba. Nilimpa daftari asome mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Akafika mahali akauliza, "Kumbe hili nalo lilianzia kushoto?" Nikamwambia ndiyo, na kuanzia sasa kazi yako ni kupiga kelele kushoto kukiwa wazi, kuliko kitu chochote. Amerudi. Anapiga kelele mpaka anakera. Kama una kipa aliyevunjika moyo, usimwambie asijali, maana anajali. Mpe kazi ya kufanya kabla mpira haujamfikia.

Matokeo? Hatujageuka mabingwa. Tumetoka sare mbili, tumefungwa goli moja moja mahali tulipokuwa tunafungwa matatu, na tumeshinda nyumbani mechi ambayo hakuna aliyetutegemea, kwa goli la kona. Baada ya dakika ya 60 bado tunateseka, lakini sasa tunateseka tukiwa tumesimama karibu karibu.

Wiki ijayo tunapanda Newala. Kule juu ya uwanda kuna baridi kidogo, na wenyeji wanapenda kuanza kwa kasi. Kamati inataka tuondoke alfajiri ya siku ya mechi kuokoa pesa ya kulala. Nimewaambia kama pesa haipo tuondoke hivyo hivyo, ila gari lisisimame njiani kuchukua mashabiki, na chakula kiwe cha kubeba, kipikwe nyumbani. Beki wa kushoto ameniomba ruhusa Alhamisi, kuna meli nyingine. Nimempa. Jumamosi ataanza, na saa ya mapumziko atatoka, aingie mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye bado sijapata ruhusa yake.