Earl ni nani hasa?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Umeniuliza kwa nini Diana aliitwa Lady hata kabla hajaolewa mwaka 1981 na Charles, mwana wa malkia wa Uingereza, na kama baba yake, kwa kuwa alikuwa Earl, yaani mwenye cheo cha ukabaila cha Uingereza, alikuwa na jimbo analolitawala.

Hakuwa nalo, ingawa swali lako lina msingi, maana Earl wa kwanza walikuwa watawala kwelikweli. Mfalme Cnut kutoka Denmark, aliyeitwaa Uingereza mwaka 1016, aliigawa nchi hiyo katika sehemu kubwa nne, na wale waliozisimamia kwa niaba yake wakaja kuitwa kwa cheo hicho, ambacho jina lake ni ndugu wa jarl, neno la Waskandinavia la mtawala mkubwa. Earl aliongoza jeshi la eneo lake, aliketi barazani kusikiliza mashauri, na kwa desturi alichukua theluthi ya mapato ya mahakama, kwa hiyo usidhani kila faini ilitozwa kwa ajili ya haki tu. Godwin, Earl wa Wessex, eneo la kusini mwa Uingereza, alipata nguvu kiasi kwamba mwanawe Harold alikalia kiti cha enzi mwaka 1066.

William wa Normandy, aliyemshinda Harold mwaka huohuo, hakuwa tayari kulea wapinzani wa namna hiyo. Cheo alikiacha, lakini aliwapunguzia maeneo, na shughuli za wilaya zikazidi kushikwa na maofisa wa mfalme mwenyewe, hata kazi ikatoweka na heshima ikabaki. Kisha vyeo vya juu zaidi vikawekwa juu yake: mwaka 1337 Mfalme Edward III alimfanya mwanawe Duke wa Cornwall, na siku hizi Earl yuko daraja la tatu kati ya matano, chini ya Duke na Marquess.

Ukoo wa Diana ulipewa cheo hicho mwaka 1765, nacho hubeba jina la ukoo, Spencer, bila kutaja mahali popote. Baba yake alikirithi mwaka 1975, na tangu hapo Diana, akiwa na miaka 13, akawa Lady, kwa kuwa ndivyo waitwavyo mabinti wa Earl. Baba huyo alipofariki mwaka 1992, cheo kiliwapita dada wawili wakubwa wa Diana, na Diana mwenyewe, kikaenda kwa kitinda mimba, kaka yao, naye pia aitwaye Charles, kwa sababu tu ni mwanamume. Utaratibu huo mimi nauona ni dhuluma.

Baba yako