Jibu: Boksi la tarantula linatoa jasho na kuota ukungu

Habari, ndugu. Umesema boksi la tarantula wako (buibui mkubwa mwenye manyoya) hapo Mikindani hutoa jasho kila asubuhi, yaani matone ya maji ndani, na makumbi ya nazi uliyomtandikia kama udongo yameota ukungu, ingawa unanyunyiza maji mara moja tu kwa juma.

Angalia matundu kwanza: yakiwa yote kwenye kifuniko, hewa ya chini haisogei. Langu, hapa Lindi, nilimhamisha buibui, nikatoboa kwa msumari wa moto safu moja juu kidogo ya udongo na nyingine juu upande wa pili, matundu yakiwa madogo kuliko kifua chake, na jasho likaisha siku ya pili.

Ukungu uchote kwa kijiko. Desemba hadi Aprili, msimu wa mvua huku kwetu, usinyunyize kabisa, kisahani cha maji kinatosha. Upepo wa kusi ukikausha hewa, lowanisha kona moja tu.