Segno, Coda na D.S.: zikae wapi ili kwaya isigawanyike

Mwalimu wa Nakuru, umesema wimbo wako una kianzio cha kinanda, kiitikio, mashairi matatu na hitimisho. Besi wanakimbilia hitimisho baada ya shairi la kwanza, soprano wanarudi kwenye kiitikio, na MuseScore, programu uliyoandikia nota, inapiga njia ya tatu kabisa. Nimeitazama picha ya karatasi yako. Wanakwaya hawana kosa. Alama zote zipo, ila nusu yake zimekaa upande usio wake.

Kila alama ya njia ni ama mahali pa kufikia ama mahali pa kuondokea. Pa kufikia ni mbili tu: Segno, ile S iliyopigwa mstari na kuwekewa nukta mbili, na Coda, duara lenye msalaba. Hizi hukaa juu ya mwanzo wa baa (kipande cha wimbo kati ya mistari miwili ya wima), upande wa kushoto. Pa kuondokea ni To Coda (ruka hadi Coda), Fine (ishia hapa), D.C. (rudi mwanzo wa wimbo) na D.S. (rudi kwenye Segno), na hizo hukaa mwisho wa baa, neno likiishia sawa na mstari wa baa wa kulia. Wewe To Coda umeiweka mwanzoni mwa baa ya 20. Anayeifuata jinsi ilivyoandikwa ataruka kabla hajaimba neno la mwisho la kiitikio.

Kosa la pili ndilo linalowagawanya. Mwisho wa shairi umeandika "D.S. al Coda" peke yake, na chini yake kuna maneno ya mashairi matatu. Amri hiyo inasema: rudi kwenye Segno, ukifika To Coda ruka. Besi wametii, ila wimbo wako unataka hivyo baada ya shairi la tatu tu. Dawa ni kutumia alama za kurudia (mstari mzito wenye nukta mbili) kwa mashairi, kisha D.S. mara moja ya mwisho.

Kwa baa zako itakuwa hivi. Kianzio baa 1–4. Kiitikio baa 5–20, shairi baa 21–32, hitimisho baa 33–38. Weka alama ya kufungua marudio mwanzoni mwa baa ya 5 na Segno juu yake. To Coda mwisho wa baa ya 20. Alama ya kufunga marudio mwisho wa baa ya 32, na juu yake uandike "mara 3", kisha "D.S. al Coda". Coda juu ya mwanzo wa baa ya 33. To Coda haina nguvu mpaka mtu awe amerudishwa na D.S., kwa hiyo mizunguko mitatu ya kwanza inaipita tu. Waambie hivyo wanakwaya kwa mdomo pia, maana wengi hawajui, na ndipo wasiwasi unapoanzia.

Kwenye MuseScore, marudio huchezwa mara 2 usipobadilisha. Fungua sifa za baa ya 32 na uweke 3 kwenye "Play count". Hakikisha kwa hesabu: kianzio 4, mizunguko mitatu ya baa 28 ni 84, kiitikio cha mwisho 16, hitimisho 6. Jumla baa 110. Kwa mapigo manne kila baa na mwendo wa mapigo 88 kwa dakika, wimbo unachukua dakika 5 kamili. Ukiona umeishia kwenye dakika 3 na sekunde 44 hivi, namba bado ni 2.

Usichape "D.S. al Coda" kama maandishi ya kawaida. Macho yataiona, programu haitaiona. Ichukue kwenye paleti, yaani kisanduku cha alama za programu, ile ya marudio na miruko. Kosa la kawaida mno hapa ni kuweka ile alama ya duara mara mbili, moja ya kuondokea na moja ya kufikia, zote za aina moja. Ndani ya MuseScore ya kuondokea inaitwa "coda" na ya kufikia "codab". Bonyeza D.S. yako, tazama sifa zake: "Jump to" iwe segno, "Play until" iwe coda, "Continue at" iwe codab. Zikipishana na majina ya alama ulizoweka, wimbo hautaruka.

Halafu kuna jambo ambalo hukuuliza lakini naliona kwenye karatasi. Kiitikio chako kinaanza kwenye pigo la nne la baa ya 4, silabi moja kabla ya baa ya 5. Basi Segno na alama ya kufungua marudio haziwezi kukaa mwanzoni mwa baa ya 5 kama nilivyoandika hapo juu, la sivyo silabi hiyo itamezwa kila mkirudi. Chagua nota hiyo, ikate baa ya 4 kabla yake, ibaki mapigo matatu upande mmoja na pigo moja upande wa pili. Alama zote mbili zihamie kwenye kile kipande cha pigo moja. Kisha baa ya 32 ipunguzwe iwe na mapigo matatu, kwa kuwa pigo lake la nne linatoka kwenye kipande hicho. Ukiiacha na manne, kila mzunguko unazidi pigo moja: mpiga kinanda anasubiri, soprano wameshaingia. Coda nayo ikianza kwa silabi ya kabla ya baa, fanya vivyo hivyo. Kwenye sifa za kile kipande agiza kisihesabiwe, ili namba za baa zisisogee.

Mabano ya mara ya kwanza na ya pili, yale ya juu ya baa yanayoonyesha ziimbwe mzunguko wa ngapi, huyahitaji hapa, isipokuwa shairi la tatu liwe na mwisho tofauti. Likiwa hivyo, bano la kwanza liandikwe "1. 2.", alama ya kufunga marudio ikae mwisho wa bano hilo, na bano la pili liandikwe "3." bila alama hiyo. Kubadilisha maandishi tu hakutoshi. Orodha iliyo kwenye "Repeat list" ndiyo inayofuatwa. D.S. ihamie mwisho wa bano la pili.

Alama zote ziwe juu ya mistari ya soprano tu, si juu ya kila sauti. Zikitoka kwenye paleti, karatasi ya mpiga kinanda itazipata yenyewe. Zikiwa maandishi ya kawaida zitabaki kwa soprano, na kinanda kitapitiliza. Segno ianze mstari mpya wa karatasi, Coda pia, ikiwezekana na nafasi kidogo kabla yake. Nukta za marudio ni za kwanza kupotea kwenye fotokopi ya fotokopi, kwa hiyo yale maneno "mara 3" usiyafute hata kama unaona ni ushamba.

Mwisho, kama utawatolea wale wa solfa (wanaosoma herufi d, r, m badala ya nota) karatasi yao, na huku kwetu Kisumu ni wengi, nukta za marudio usiwawekee. Kwenye solfa nukta mbili ndizo zinazotenganisha mapigo ndani ya baa, na alama ya kufunga marudio inasomwa kama pigo tupu kabla ya mstari. Weka mstari mzito wa kufungia, uandike "Rudia kiitikio" baada ya shairi la 1 na la 2, na "D.S. al Coda" baada ya la 3.