Pimamaji: Ukuta unaochoma usiku

*Shikamoo Babu Pimamaji. Tumehamia kwetu Ipuli tangu mwezi wa nne. Nyumba ni ya kisasa, ya kuficha paa, tofali za saruji za inchi sita, bati rangi ya mkaa. Chumba chetu kiko upande wa barabara, magharibi. Mchana si kubaya sana. Balaa linaanza saa mbili usiku: kitanda kinachemka, mapacha wanalia, tunaishia kuburuta godoro sebuleni. Baba watoto anataka kiyoyozi. Jirani anasema tujaze foamu nyeupe darini. Fundi aliyetujengea anasema Tabora mwelekeo wa ukuta hauna maana, jua letu linapita utosini. Nimsikilize nani?*
*Mama Mapacha, Ipuli*

Marahaba, mama. Fundi wako amesema nusu ya kweli, nanyi mnalala sebuleni kwa sababu ya ile nusu aliyoiacha.

Kabla sijaeleza, leo fanya jambo moja. Saa kumi jioni weka kiganja kwenye ukuta wa chumba chenu kwa ndani. Utaukuta wa kawaida tu, pengine una kaubaridi. Toka nje uguse ukuta huohuo upande wa barabara. Sidhani kama utafikisha kumi ukihesabu. Rudi ndani saa mbili na nusu usiku, uweke kiganja palepale. Sasa ndani ndiko kunakochoma, na nje kumeshapoa. Hilo joto limesafiri ndani ya tofali kwa saa nne hivi, likawafikia wakati mnatandika kitanda. Tofali la saruji la inchi sita ndiyo mwendo wake huo. Linakula jua saa kumi, linalitapika saa mbili.

Sasa jua lenyewe. Tabora iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Ni kweli jua la mchana linapita utosini, lakini mara mbili tu kwa mwaka: mwanzoni mwa Oktoba, na tena wiki ya pili ya Machi. Mwezi wa sita linaegemea kaskazini nyuzi 28 hivi, na Desemba linaegemea kusini nyuzi 18. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini una msimu wake wa jua, na wa kusini una wake, na misimu yote miwili jua linakuja kutoka juu sana. Upenu wa kawaida unalimaliza. Chukua upenu wa sentimita 60 upande wa kaskazini, mchana wa Juni: unaangusha kivuli cha zaidi ya mita moja ukutani, dirisha karibu lote liko salama. Upenu huohuo uweke magharibi, saa kumi na moja jioni: kivuli chake hakizidi sana sentimita 30. Jua linaingia kwa chini, kama mgeni anayeinamisha kichwa mlangoni.

Ukuta wa mashariki nao unapigwa hivyohivyo, ila unapigwa asubuhi, nyumba ikiwa bado imebeba ubaridi wa usiku, halafu una mchana mzima wa kupumzika. Wa magharibi unapigwa wa mwisho, hewa ya nje ikiwa imeshafika kilele cha joto. Na sisi wa huku tuna nyongeza ambayo watu hawaifikirii: saa yetu ni moja na ya Dar es Salaam, lakini tuko magharibi zaidi, jua linatuzamia kama dakika 25 baadaye. Watu wa Kigoma wanakaribia dakika 40. Mtoto wa Dar akishaanza kuoga ajiandae kulala, ukuta wako bado unakula.

Nisijifanye nabii. Nyumba yangu ya Kitete niliijenga mwaka 1994, na chumba changu nikakielekeza magharibi kwa macho yangu mawili, nipate kuona wapitao barabarani. Mama yenu alilala barazani Oktoba tatu mfululizo. Ya nne nikashika nyundo.

Lakini mama, ukuta ni mshitakiwa wa pili. Wa kwanza yuko juu. Saa saba mchana mwezi huu wa jua kali, kila mita ya mraba ya bati lako inapokea karibu wati 1000, nguvu ya pasi ndogo ya umeme, na bati rangi ya mkaa linazimeza karibu zote. Bati jeusi juani linaweza kufika nyuzi 70. Miaka ya ujana wangu nilijenga mabani, yale majumba ya kukaushia tumbaku, kule Urambo, na nakumbuka mkulima akikaribia kumaliza kukausha, bani lenyewe lilikuwa linafika hapohapo, nyuzi 70. Yeye kulifikisha huko alikuwa anachoma magogo usiku na mchana kwa karibu wiki nzima. Wewe umeezeka moja bure juu ya mapacha.

Bani lile lilinifundisha jambo kuhusu joto ambalo darasani sikulielewa. Joto linapanda, tunasema. Linalopanda ni hewa ya moto. Darini kwako hewa ya moto imekwishafika juu, imetulia chini ya bati, haina sababu ya kushuka. Basi nini kinachokuunguza kitandani? Ni mng'ao wa joto. Bati la moto linamwaga joto chini kama jiko la mkaa linavyokupiga usoni ukiwa umekaa mbali nalo, hata upepo ukivuma kati yenu. Joto hilo linaipiga jipsam, jipsam inapata moto, nayo inakumwagia wewe. Ndiyo maana ukilala chali paji la uso linawaka na mgongo uko sawa. Ndiyo maana pia panga boi halisaidii sana chumbani kwako: linasukuma hewa, na mng'ao haushiki hewa.

Kwa hiyo dari lako linahitaji vitu viwili. Kwanza, karatasi ya kung'aa ya alumini chini ya bati. Kitu kinachong'aa kinatoa mng'ao wa joto kidogo mno, karibu sehemu moja katika ishirini ya ule unaotolewa na kitu cheusi cha joto lilelile. Mafundi wetu wanaiharibu kwa kuilaza juu ya siling bodi, uso wa kung'aa ukitazama juu. Vumbi la Tabora mnalijua. Baada ya kiangazi kimoja ile karatasi ni blanketi la udongo mwekundu. Mwambie fundi aipigilie kwenye mbao za kenchi, uso wa kung'aa utazame chini, na kati yake na siling pabaki hewa. Vumbi haliwezi kukaa kwenye uso unaotazama chini. Asiibane ikagusana na bati wala siling. Kikishagusana, joto linapita kwa kugusana na kung'aa kwake hakuna kazi.

Pili, blanketi la nyuzi za kioo au za mawe juu ya siling. Kinachofanya kazi mle ni hewa iliyofungiwa, hewa tuli ambayo haitembei. Sentimita 5 za blanketi hilo zinazuia joto kama zege la unene wa mita moja na nusu na ushee. Ukikosa blanketi, wako waliotumia pumba za mpunga, na Igunga na Nzega hazikosi. Pumba za mpunga zinazuia joto vizuri na haziozi upesi. Ila zikaushwe kabisa, zitiwe kwenye mifuko iliyoshonwa, zikae mbali na nyaya za umeme, na uwe tayari kwa vita na panya. Maranda ya mbao sikushauri. Mchwa wa Tabora atadhani umemwandalia karamu.

Foamu nyeupe ya jirani inazuia joto kweli, simkatalii. Lakini ikishika moto inayeyuka na kutoa moshi mbaya, na ikigusana na nyaya za kawaida za umeme kwa muda mrefu inafyonza ulaini wa ile plastiki, waya unakakamaa na kupasuka. Juu ya watoto wanaolala siiweki.

Paa lenu la kuficha lina aibu nyingine. Paa la zamani la mgongo lilikuwa linapumua kwenye upenu. Lenu limezungushiwa ukuta pande zote kama kikaango chenye kingo, na upenu hakuna kabisa. Toboeni matundu kwenye ule ukuta wa juu, pande mbili zinazotazamana, yafungwe wavu wa chuma. Wavu ni muhimu, bila hivyo mtawapangisha popo.

Sasa turudi kwenye ukuta wa barabara. Hapa watu wengi wanauliza waweke kizuia joto gani ndani, na mimi nawajibu: shughulikieni nje kwanza. Joto lililokwisha kuingia kwenye tofali ni lako, utalilipia kwa unit za luku. Pakeni chokaa nyeupe. Ukuta mweupe unarudisha sehemu kubwa ya jua, wakati tofali jekundu lisilopakwa linameza zaidi ya nusu. Halafu wekeni kivuli kilichosimama, maana cha kulala kule juu tumeshaona hakifiki. Mimi nilisimamisha nguzo nne, hatua moja kutoka ukutani, nikakaza waya za kuanikia, nikapandisha pasheni. Mwaka wa pili ukuta haukuona jua tena, na mama yenu akarudi chumbani. Hiyo hatua moja ya nafasi usiipuuze, ndimo hewa inamopita. Mmea ukilalia ukuta utakuletea unyevu na siafu.

Mkishafanya hayo, usiku fungueni madirisha. Usiku wa Tabora unapoa hata kiangazi, tuko mita 1200 juu ya usawa wa bahari, hiyo ni mali mnaiacha nje kwa kuogopa mbu. Wavu mzima na nondo, basi. Asubuhi saa tatu fungeni, mfunge na mapazia. Wazee wa tembe walikuwa wanafanya hivi bila kusoma. Nendeni Kwihara mkalione lile tembe alilokaa Livingstone: kuta nene za udongo, madirisha machache. Jua la saa kumi likianza safari kwenye ukuta wa namna ile, linafika ndani alfajiri, wakati mtu analitamani.

Kiyoyozi? Mwambie baba watoto asubiri hadi Oktoba ijayo, baada ya dari na pasheni. Akikinunua leo kitakuwa kinapoza ukuta.

*Mzee, mimi ni mwalimu, nimepata kiwanja cha mteremko Mwanga, Kigoma. Ziwa lote liko mbele yangu. Nataka sebule na vyumba vyote vitazame ziwa, vioo kuanzia chini hadi juu. Mchoraji amekubali. Wewe wasemaje?*
*Mwalimu wa Mwanga*

Mwalimu, mchoraji amekubali kwa sababu yeye hatalala humo.

Ziwa lenu liko magharibi. Mandhari, upepo wa mchana na jua kali la jioni, vyote vitatu vinakuja kwa mlango mmoja. Na jua lenu linakupiga mara mbili, la angani na lile linaloruka juu ya maji, maana jua likishuka chini maji yanakuwa kama kioo cha kujitazamia. Dari ndefu wala upenu havilizuii la pili, linatokea chini. Kioo kinalipitisha jua likiwa mwanga, kikishalipitisha linageuka joto la viti na sakafu, na joto hilo halitoki kirahisi kama lilivyoingia. Pazia la ndani linaficha macho tu. Pazia lenyewe linapata moto likiwa tayari sebuleni.

Sikunyimi ziwa. Shuka hadi stesheni yenu ya reli, ile ya tangu njia ilipofika Kigoma mwaka 1914, utazame matao yake na kivuli kilichoko nyuma yake. Jenga baraza pana upande wa ziwa, mita mbili na nusu au tatu, na mbele ya baraza ning'iniza chiki au mikeka ya kukunja. Saa kumi unaishusha, saa moja jua likishazama nyuma ya milima ya Kongo unaipandisha na unapata ziwa lako na taa za wavuvi wa dagaa. Upepo unapita kwenye mkeka, jua halipiti. Kioo punguza, anzia kimo cha kiti, na kiwe cha kufunguka. Vyumba vya kulala virudishe nyuma, mashariki, upande wa kilima. Magharibi ukibakiwa na nafasi, weka stoo, choo na ngazi. Vitu hivyo havilali.

*Babu, mimi mpangaji Ng'ambo, chumba kimoja, bati tupu bila siling, mwenye nyumba hataki hata msumari. Sina hela.*
*Kijana wa Ng'ambo*

Kijana wangu, hujaniruhusu mengi. Tungika kitambaa kizito cheupe chini ya bati kwa kamba, kutoka kenchi hadi kenchi, kiachane na bati shubiri moja. Hapo hakuna msumari. Dirisha likitazama magharibi, ning'iniza mkeka kwa nje. Na kuanzia Agosti hadi mvua za Novemba, hewa ikiwa kavu, loweka khanga, ikamue, itundike dirishani penye upepo. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Mvua zikianza acha, utapata ukungu tu na kikohozi.

Kitanda kisogeze kutoka ukuta wa magharibi, hata kama ndipo penye soketi.