Kabla Hujaizima Programu Kongwe ya Kampuni

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji ambaye ni msimamizi wa mifumo katika kampuni ya usambazaji. Programu yao ya mauzo, stoo na hesabu iliandikwa kwa Visual Basic 6, lugha ya zamani ya Microsoft ya kuandikia programu, data zake zimo katika faili la Access, hifadhidata ndogo ya Microsoft, aliyeiandika ameshastaafu, na mkurugenzi ameagiza kwamba kufikia mwisho wa mwaka wa fedha kila kitu kiwe kinafunguliwa kwenye kivinjari. Anauliza achague lugha gani ya kuandikia mfumo mpya. Nimeamua kumjibu hapa hadharani, kwa sababu swali hilo huulizwa mara nyingi na kwa sababu, niseme wazi, silo linalopaswa kutangulia.

Kampuni niliyoifanyia kazi ya namna hiyo ilikuwa ikiuza vipuri kwa jumla kwa kutumia programu iliyoandikwa kwa Visual FoxPro, zana nyingine ya Microsoft yenye lugha na hifadhidata yake, ambayo toleo lake la mwisho, la 9, lilitoka mwaka 2004 na Microsoft ikaacha kulihudumia Januari 2015. Watu hudhani programu hufa siku huduma yake inapokoma. Haifi. Ile ya kwetu ilifunguka kila asubuhi kwenye Windows 10 bila tatizo, na hata zile za Visual Basic 6, ambazo zana yake ya kuandikia iliachwa kuhudumiwa mwaka 2008, bado zinaendeshwa kwenye Windows 11. Kilichotusukuma kuhama hakikuwa uzee, bali namna data zilivyohifadhiwa. Kila kompyuta ilifungua yenyewe mafaili yaliyokuwa kwenye folda ya pamoja na kuandika ndani yake kupitia mtandao wa ofisi, hivyo waya ukilegea wakati ankara inaandikwa, faharasa ya faili, yaani orodha inayoonyesha kila rekodi iko wapi, iliharibika na idara nzima ikasimama mpaka ijengwe upya. Tena faili moja la FoxPro haliwezi kuzidi gigabaiti 2, kama lilivyo faili la Access, na jedwali letu la miamala lilikuwa linakaribia ukomo huo. Katika mfumo wa kivinjari kompyuta ya karani haigusi data kabisa. Hutuma ombi kwa seva, na hifadhidata kama PostgreSQL ama hukamilisha muamala wote ama huufuta wote.

Nilipendekeza tuhame idara kwa idara. Pendekezo langu liliwekwa kando, wakaletwa washauri wenye michoro ya kupendeza, ambao waliahidi kuandika kila kitu upya na kubadilisha mfumo kwa usiku mmoja. Sitayasimulia yote yaliyofuata. Itoshe kusema kwamba asubuhi ya kwanza salio za wateja hazikulingana na leja, mchana programu kongwe ikawashwa tena, na hatimaye mkataba ukavunjwa nami nikaitwa kuanza upya, safari hii bila mtu wa kunicheka. Anayedhani kwamba hayo huwapata wadogo tu aikumbuke benki ya TSB ya Uingereza, ambayo Aprili 2018 ilihamisha mamilioni ya wateja kwenye mfumo mpya ndani ya wikendi moja: wateja wapatao milioni 1.9 walifungiwa nje ya huduma zao, na Desemba 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza faini ya pauni milioni 48.65.

Kazi niliyoanza nayo haikuhusu skrini hata moja. Nilikaa na mama aliyekuwa akitunza hesabu za wadaiwa, ambaye aliitumia programu ile tangu ilipowekwa, nikamwomba anieleze kila anachokiandika na sababu yake. Ndipo nilipofahamu kwamba mahali palipoandikwa “Faksi” hapakuwa na namba ya faksi yoyote. Humo waliweka kikomo cha mkopo wa mteja, kwa kuwa mwandishi wa programu hakukitengea nafasi. Kinyota mbele ya jina kilimaanisha kwamba mteja huyo asiuziwe kwa mkopo mpaka meneja aidhinishe. Hakuna waraka wowote uliosema hayo. Washauri walikuwa wamevihamisha vinyota kama sehemu ya majina, na namba za faksi walizitupa kwa hoja kwamba siku hizi hakuna anayetumia faksi. Mama yule alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwao muda wote, wala hakuna aliyemuuliza lolote.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anza na data, na anza na mtu anayeziandika. Fungua kila safu ya kila jedwali, utazame kilichomo badala ya kuamini jina lake. Tarehe zitakusumbua: FoxPro huruhusu tarehe tupu, ilhali PostgreSQL hutaka ama tarehe halali ama NULL, yaani alama ya kwamba hakuna thamani, na ukijaza mwaka 1900 ili data zipite, ripoti ya madeni itakuonyesha wateja waliochelewa kulipa kwa zaidi ya karne. Kwako wewe wa Visual Basic 6 nina onyo mahususi. Kitendakazi chake cha Round hupeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu, yaani 2.5 huwa 2 na 3.5 huwa 4, lakini PostgreSQL, kwa namba za aina iitwayo numeric, huipeleka 2.5 kwenye 3. Katika ankara moja tofauti hiyo ni senti. Katika leja ya mwaka mzima mhasibu atashindwa kufunga hesabu, na lawama zitakuangukia wewe.

Baada ya data, tazama mikono. Makarani wetu walijaza ankara bila kugusa kipanya: Enter iliwapeleka kwenye kisanduku kinachofuata na F5 ilihifadhi. Kwenye kivinjari Enter kwa kawaida hutuma fomu nzima hata kama haijakamilika, na F5 hupakia ukurasa upya, kwa hiyo karani anayebonyeza kwa mazoea hupoteza kila alichoandika. Vitufe hivyo viwili ukurasa wenyewe unaweza kuvidhibiti, nasi tulivirudishia kazi zake za zamani, ingawa mbunifu mmoja kijana alilalamika kwamba si desturi ya wavuti. Desturi ya wavuti haijazi ankara. Printa nazo zilikuwa na vita vyake, maana programu kongwe ilituma maandishi moja kwa moja kwenye printa ya karatasi za kaboni, ilhali kivinjari hufungua dirisha lake la kuchapisha kila mara. Ilitubidi tuweke kwenye kompyuta ya kaunta programu ndogo ya kupokea risiti na kuichapa.

Tulihamisha ripoti kwanza, kwa sababu husoma tu na haziandiki, kisha stoo, kisha mauzo, na hesabu zikafuata mwisho. Kanuni ilikuwa kwamba kila jedwali liwe na mwenyewe mmoja kwa wakati mmoja: stoo ilipohamia kwenye mfumo mpya, programu kongwe haikuruhusiwa tena kuandika idadi ya bidhaa, bali ilipokea nakala kila usiku. Miezi ya katikati siisimulii. Ilikuwa kulinganisha, kusahihisha na kulinganisha tena. Tulipofunga mwezi wa kwanza wa hesabu ndani ya mfumo mpya, mizania ilikubaliana hadi senti ya mwisho, na katika hafla ya kupongezana uongozi ukawashukuru waliotuuzia seva. Jina langu halikutajwa, nami sijasahau.

Liko jambo lingine ambalo mafundi huligundua wakiwa wamechelewa. Katika programu kongwe idara nzima ilitumia nenosiri moja, na yeyote angeweza kufuta ankara bila kujulikana. Mfumo mpya ulimpa kila mtu akaunti yake na kuandika nani alibadilisha nini na saa ngapi. Waliolalamika kwa sauti kubwa kwamba kivinjari ni kizito, mara nyingi uzito haukuwa tatizo lao. Nilipima muda wa kuhifadhi ankara mbele yao na mfumo mpya ukawa mwepesi zaidi, lakini malalamiko hayakupungua. Fundi hana mamlaka ya kushinda upinzani wa namna hiyo, wala asijaribu kuushinda kwa takwimu. Mkuu wa kampuni atangaze mwenyewe, kabla mstari wa kwanza wa msimbo haujaandikwa, kwamba ankara haitafutwa tena na mtu yeyote, ila itabatilishwa kwa hati yenye jina na sababu, na akaunti ya kwanza kufungwa kitufe cha kufuta iwe ya kwake.